Kabari Isiyozama: Historia ya Weji za Gofu na Kazi ya Kuzipima

Katika mchezo wa gofu, weji ni fimbo fupi yenye kichwa kizito cha chuma ambacho uso wake umelazwa nyuma sana ili mpira upande juu badala ya kukimbia mbele, na jina lake, kwa Kiingereza lilikotoka, lina maana ya kabari. Mchezaji huishika anapokuwa amelikaribia shimo, au pale mpira wake unapotumbukia katika bunka, yaani shimo la mchanga linalowekwa uwanjani ili kumtega. Anayetaka kununua weji leo hukutana na maswali matatu mfululizo: abebe ngapi, ziwe na pembe zipi, na je, alipie kazi ya kupimiwa na fundi au achukue zilizokwisha kupangwa dukani. Swali la tatu huhesabiwa kuwa la kisasa kwa sababu ya rada na kompyuta zinazoambatana nalo, ilhali historia ya ufundi huu yaonyesha kwamba kupimiwa ndiko kulikotangulia, na fimbo isiyo na mwenyewe, iliyotengenezwa kwa mtu wa wastani ambaye hayupo, ndiyo iliyokuja baadaye. Historia hiyo yaonyesha pia kwamba weji, kuliko fimbo nyingine yoyote, ilitokana na matatizo ya ardhi kabla ya kutokana na maumbile ya mchezaji, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika kuamua kipimo kipi kina faida.

Kumbukumbu za mapema za ununuzi wa fimbo za gofu zinatoka Uskoti, ambako hesabu za hazina ya Mfalme James IV zinataja fimbo zilizonunuliwa mwaka 1502 kwa fundi wa pinde wa mji wa Perth, na ambako mwaka 1603 James VI alimteua William Mayne, naye pia fundi wa pinde, kuwa mtengenezaji wa fimbo zake. Kwamba kazi hiyo iliangukia mikononi mwa mafundi wa pinde halikuwa jambo la bahati nasibu, kwa maana wao ndio waliojua kuuchagua mti unaopinda na kurudi bila kuvunjika, na walizoea kukitengeneza chombo kwa kulingana na nguvu za mkono utakaokitumia. Katika karne ya 19 desturi hiyo iliendelea katika mji wa St Andrews, ambako Hugh Philp, aliyekuwa na asili ya useremala, na baada yake mpwa wake Robert Forgan, walichonga vichwa kwa miti migumu kama ile ya matofaa na miiba, kisha wakaviunga na mipini ya mti wa mwivu na, baadaye, ya hikori iliyosafirishwa kutoka Marekani. Mteja alifika karakanani, akaitikisa fimbo, akaona ni nzito au inapinda mno, na fundi akaupunguza mpini kidogo kidogo mpaka mkono wa mwenyewe ukaridhika. Hapakuwa na neno maalumu la kuuita utaratibu huo, kwa kuwa haukuwa na mbadala. Ulikuwa sawa na nguo inayoshonwa kwa fundi kabla ya kuwapo maduka ya nguo zilizo tayari.

Fimbo za chuma wakati huo zilikuwa chache, na sababu yake ilikuwa mpira wenyewe. Mpira wa zamani ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kazi iliyomchosha fundi hata asiweze kutoa zaidi ya mipira michache kwa siku, na pigo moja baya la chuma lilitosha kuupasua. Kwa hiyo chuma kilitolewa mkobani pale tu ambapo mti ungevunjika: kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye alama za magurudumu ya mikokoteni iliyokatiza viwanja vya pwani, ambavyo vilikuwa ardhi ya watu wote. Kwa ajili ya alama hizo wahunzi walifua fimbo yenye kichwa kidogo cha mviringo, kinachoweza kuingia katika mfereji wa gurudumu na kuung'oa mpira, na kutokana na ukoo huo ikapatikana nibliki, fimbo ya chuma yenye uso uliolala kuliko zote za zama zake. Mwaka 1848 hivi ulipokuja mpira wa gutapacha, yaani utomvu mgumu wa miti ya Malaya, uliokuwa wa bei nafuu na usiopasuka kwa urahisi, kizuizi hicho kiliondoka. Allan Robertson wa St Andrews akaanza kuukaribia uwanda wa shimo kwa fimbo ya chuma, na Tom Morris mdogo, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara nne kabla ya kufariki mwaka 1875 akiwa na umri wa miaka 24, akaitumia ile fimbo ya mifereji kuupandisha mpira hewani na kuutua karibu na shimo, ingawa ilikuwa imefuliwa kwa ajili ya kujinasua tu.

Hata hivyo nibliki ilibaki na kasoro moja ambayo haikupata dawa kwa zaidi ya nusu karne. Chini ya kichwa cha fimbo kuna sehemu inayoitwa soli, kama ya kiatu, na sehemu ya soli inayotangulia kugusa ardhi ni ukingo wa mbele. Katika nibliki ukingo huo ulikuwa mwembamba na wenye makali, na soli nzima ilikuwa nyembamba pia. Kwenye ardhi ngumu wembamba huo ulikuwa faida, lakini katika mchanga laini fimbo ilifanya kazi ya kabari kwa maana kamili ya neno hilo: ilipasua, ikazama, ikakwama, na mpira ukabaki palepale au ukasogea hatua moja. Wachezaji hodari walijaribu kuupangusa mpira juu ya mchanga bila kuugusa mchanga wenyewe, jambo lililohitaji usahihi wa milimita chache, na wengi waliona kuingia katika bunka ni sawa na kupoteza pigo zima.

Wakati tatizo la mchanga likingoja jawabu, utengenezaji wa fimbo ulikuwa unabadilika kutoka karakana kwenda kiwandani. Mpira wenye kiini cha nyuzi za mpira uliobuniwa na Coburn Haskell huko Ohio mwaka 1898 uliongeza idadi ya wachezaji Marekani, na mahitaji yao hayakuweza kutimizwa na mafundi wachache wa Uskoti. Hikori nayo haikukubali kulinganishwa, kwa kuwa mipini miwili kutoka gogo moja iliweza kupinda kwa namna tofauti, hata mchezaji makini akalazimika kuzichagua fimbo zake moja moja kwa miaka mingi. Inasimuliwa kwamba fimbo za Bobby Jones, bingwa wa Atlanta aliyezikusanya kwa kuzishika na kuzisikia mkononi tu, zilipokuja kupimwa kwa mizani baadaye zilionekana kulingana isipokuwa moja, nayo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Chama cha Gofu cha Marekani kiliporuhusu mipini ya chuma mwaka 1924, na klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilipofuata mwaka 1929, iliwezekana kwa mara ya kwanza kutengeneza maelfu ya fimbo zinazofanana, zikapangwa kwa seti na kupewa namba badala ya majina ya zamani. Faida ya mabadiliko hayo ilikuwa kubwa, kwani fimbo ikawa imara na rahisi kupatikana. Hasara yake ni kwamba urefu, uzito na pembe vikaamuliwa kabla mteja hajaingia dukani.

Jawabu la kwanza la mchanga lilikuwa potofu, lakini linafaa kutajwa kwa sababu lilifungua njia. Mwaka 1928 Edwin Kerr McClain wa Houston alipata hataza ya weji nzito yenye uso uliobonyea kama kijiko na soli nene ya mviringo, ikauzwa kwa jina la Walter Hagen, mchezaji mashuhuri wa siku hizo. Mwaka 1930, katika raundi ya mwisho ya ubingwa wa Uingereza huko Hoylake, Jones aliitumia fimbo ya namna hiyo, aliyoipata kwa Horton Smith, kujitoa katika bunka la shimo la 16, akaushinda ubingwa huo katika mwaka ambao alitwaa mataji yote manne makubwa ya wakati wake. Wasimamizi wa mchezo waliona kwamba uso uliobonyea uliweza kuugusa mpira mara mbili katika pigo moja, kwanza kwa sehemu ya chini na kisha kwa ukingo wa juu, na mwaka 1931 wakaupiga marufuku. Kilichokatazwa kilikuwa uso; soli nene, ambayo ndiyo iliyokuwa na siri, haikuguswa na sheria.

Gene Sarazen, mwana wa seremala mhamiaji wa Kiitalia katika jimbo la New York, ndiye aliyeitenga siri hiyo na kasoro iliyoambatana nayo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa akijifunza urubani wakati alipogundua kwamba ndege hupanda pale mkia wake unaposhushwa, akajiuliza kama kichwa cha fimbo nacho hakingeweza kupandishwa na mchanga kwa njia hiyohiyo. Huko Florida, alichukua nibliki, akalehemu risasi katika soli yake mpaka ukingo wa nyuma ukawa chini kuliko ukingo wa mbele, kisha akaipiga tupa, akaijaribu mchangani, akaongeza risasi, akapiga tupa tena. Pembe kati ya ardhi na mteremko wa soli hiyo ndiyo inayoitwa baunsi, na kazi yake ni rahisi kueleweka kwa kuangalia kinachotokea pigo linapofika: nyuma ya soli hutangulia kugusa mchanga, sentimita kadhaa nyuma ya mpira, mchanga huisukuma juu, fimbo huteleza badala ya kuchimba, na mpira hubebwa na tabaka la mchanga bila hata kuguswa na chuma. Weji hiyo ilifanikiwa kwa kuacha kuwa kabari. Sarazen aliipeleka kwenye ubingwa wa Uingereza wa mwaka 1932 katika uwanja wa Prince's, mjini Sandwich, akaificha, kama alivyoeleza baadaye, kwa kuigeuza kichwa chini mkobani ili wasimamizi wasiione mapema na kuikataa. Alishinda kwa mipigo 283, akimpita Macdonald Smith kwa mipigo 5, na wiki chache baadaye akashinda ubingwa wa Marekani pia. Kampuni ya Wilson iliingiza sokoni weji ya mchanga ya muundo huo, iliyoitwa R-90, mwaka 1933.

Miaka michache baada ya hapo sheria iliingilia kati kwa namna nyingine. Seti za viwandani zilikuwa zimewashawishi wachezaji kubeba fimbo zaidi ya 20, mzigo uliowaelemea makedi, yaani wabeba mikoba, na kuufanya uteuzi wa fimbo uchukue nafasi ya ufundi wa kupiga. Marekani iliweka kikomo cha fimbo 14 kuanzia mwaka 1938, na St Andrews ikafanya vivyo hivyo mwaka 1939. Tangu siku hiyo kila weji inayoingia mkobani huitoa fimbo nyingine, na swali la weji ngapi likawa swali la hesabu. Kwa miongo kadhaa hesabu hiyo ilikuwa na jawabu moja, nalo ni weji mbili: ya kukaribia, iliyokuwa na mlalo wa uso wa nyuzi 50 hivi, na ya mchanga, ya nyuzi 56 hivi, ambapo nyuzi nyingi zaidi humaanisha mpira kupanda zaidi na kwenda umbali mfupi zaidi.

Jawabu hilo lilivunjwa kutoka pande mbili. Upande wa juu, Dave Pelz, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi katika shirika la anga la NASA, alichunguza mapigo ya karibu, akahimiza matumizi ya weji ya tatu ya nyuzi 60, inayoupandisha mpira karibu wima na kuutua bila kukimbia. Tom Kite, aliyeongoza kwa mapato katika mashindano ya kulipwa ya Marekani mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuibeba. Upande wa chini, watengenezaji walipojifunza kuusambaza uzito kwenye kingo za kichwa na kuushusha chini, mpira ulipanda kwa urahisi zaidi, nao wakaanza kuusimamisha uso wa kila fimbo ili wanunuzi waone wanapiga mbali kuliko jana. Weji ya kukaribia ikashuka kutoka nyuzi 50 hadi 45 na hata chini ya hapo, ilhali ile ya mchanga ilibaki ilipokuwa, na kati yao likafunguka pengo la nyuzi 10 au zaidi, ambalo kwa mchezaji wa kawaida ni umbali wa mita 25 hivi usio na fimbo. Weji ya pengo, ya nyuzi 50 hadi 52, ilibuniwa kuliziba, na kwa hakika ilikuwa ile weji ya kukaribia ya zamani iliyorudi kwa jina jipya na bei mpya.

Wakati huohuo soli ilizidi kuwa uwanja wa ufundi. Roger Cleveland, ambaye weji yake ya 588 ilitoka mwaka 1988, na Bob Vokey, Mkanada aliyejiunga na Titleist mwaka 1996, walijenga sifa zao kwa kuisaga soli: kuondoa chuma kisiginoni ili fimbo iweze kufunguliwa, yaani uso ugeuzwe kuelekea juu bila ukingo wa mbele kuinuka, au kuacha soli pana kwa mchezaji anayepiga kwa kushuka wima na kuchimba kipande kikubwa cha udongo. Hapo ndipo nyasi na mchanga vilipoingia tena katika kipimo. Mchanga laini na mwingi hutaka baunsi kubwa, ya nyuzi 10 na kuendelea, ilhali ardhi ngumu na kavu, kama ile ya viwanja vya pwani ya Uskoti, hutaka baunsi ndogo, la sivyo soli hudunda na ukingo wa mbele huugonga mpira tumboni. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni uwanja wa Riviera, Los Angeles, uliofunguliwa katika miaka ya 1920, ambao sifa yake kubwa ni nyasi za kikuyu, zilizopewa jina la Wakikuyu wa Kenya na kutoka katika nyanda za juu za ukanda huu kabla ya kupelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo. Vitawi vyake vinene vinavyotambaa huikamata fimbo shingoni na kuizungusha, na mchezaji aliyezoea nyasi nyembamba hugundua kwamba weji iliyomfaa kwao haimfai huko, ingawa mwili wake haujabadilika hata kidogo.

Kurudi kwa desturi ya kupimiwa, katika sura yake ya viwandani, kunahusishwa zaidi na Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwe aliyefanya kazi ya viatu kabla ya kuwa mhandisi wa General Electric na kisha kuanzisha PING mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitunga jedwali la rangi lililotokana na vipimo viwili tu, kimo cha mchezaji na umbali kutoka kifundo cha mkono wake hadi sakafuni, na kutokana na hivyo fimbo ilipewa nukta ya rangi inayoonyesha ulalo wake, yaani pembe kati ya mpini na ardhi: nyeusi kwa wastani, rangi nyingine kwa walio warefu au wafupi kuliko wastani. Ilikuwa hekima ya mshona viatu, kwamba kiwanda kinaweza kutoa maelfu ya jozi na bado kila mguu ukapata namba yake. Baadaye kamera na rada, kama zile za TrackMan iliyoanzishwa Denmark mwaka 2003, ziliongeza uwezo wa kupima kasi, pembe ya kushuka kwa fimbo na mzunguko wa mpira hewani. Mzunguko huo nao hutegemea vifereji vilivyochongwa usoni, ambavyo vimegombewa tangu Jock Hutchison aliposhinda ubingwa wa Uingereza mwaka 1921 kwa fimbo zenye vifereji vya kina kirefu vilivyopigwa marufuku mara baada ya hapo, hadi kanuni ya mwaka 2010 iliyopunguza ukubwa na makali yake. Kwa kuwa vifereji huisha kwa matumizi, hakuna kipimo cha fundi kinachoweza kuiokoa weji iliyochakaa uso.

Kwa kuzingatia mkondo huo wote, thamani ya kupimiwa weji inaweza kutenganishwa katika sehemu tatu zisizo sawa. Ya kwanza ni mpangilio wa nyuzi, ambao faida yake haina shaka, kwa sababu nambari zilizochapwa kwenye fimbo za viwanda mbalimbali hazina tena maana moja, na mchezaji asiyejua nyuzi za weji iliyokuja na seti yake hawezi kuchagua zinazofuata kwa tofauti ya nyuzi 4 hadi 6. Lakini kazi hii huhitaji kifaa cha kupimia pembe na dakika chache tu, wala haihitaji gharama kubwa. Ya pili ni ulalo, ambao katika weji una uzito kuliko inavyodhaniwa: kwa hesabu ya jiometri tupu, kosa la uzi 1 wa ulalo huugeuza uso wenye nyuzi 60 kwa takriban nyuzi 1.7 pembeni, ilhali uso wa nyuzi 20 hugeuka chini ya nusu uzi, kwa hiyo fimbo inayotumika kulenga shimo ndiyo inayoadhibu zaidi mpini usiolingana na mwili. Mtu mrefu sana au mfupi sana hunufaika hapa hata akiwa mwanafunzi wa mchezo; mwenye kimo cha wastani anaweza kusubiri.

Sehemu ya tatu ni soli, nayo ndiyo iliyo ngumu, kwa sababu haiwezi kupimwa vizuri mahali ambapo vipimo vingi hufanyika. Ndani ya chumba, juu ya zulia la nyasi bandia lililotandikwa kwenye sakafu ngumu, fimbo inayogonga nyuma ya mpira huteleza mbele na kuufikia vizuri, na rada husajili pigo zuri ambalo uwanjani lingeishia kwenye udongo. Zulia halina mchanga, halina umande, halina nyasi za kikuyu. Mchezaji ambaye pigo lake bado hubadilika kila juma hana haja ya kulipia usagaji maalumu wa soli, na weji ya mchanga yenye baunsi ya wastani itamtosha mpaka mkono wake utulie. Aliyetulia atafaidika na fundi atakayempeleka nje, kwenye bunka na kwenye nyasi za uwanja anaouchezea, akaangalie mkwaruzo wa soli na kina cha kipande cha udongo kilichong'oka. Sarazen hakuwa na chombo kingine zaidi ya risasi, tupa na mchanga wa kujaribia, na katika vitatu hivyo ni mchanga uliomwambia lini aache kuongeza risasi.